Cheche Kabla ya Wakati

Watu wengi hudhani ya kuwa petroli ikikutana na cheche ndani ya injini hulipuka papo hapo kama baruti, na kazi ikaishia hapo. Sivyo. Moto ndani ya silinda hutambaa. Huanzia penye plagi, kisha hula mchanganyiko wa hewa na mafuta kama moto wa nyika unavyokula majani makavu wakati wa kiangazi, na safari hiyo, ingawa ni fupi mno, ina muda wake. Ndiyo maana fundi hapigi cheche pale pistoni inapofika kileleni. Huitanguliza kidogo, ili nguvu ya moto iwe imekomaa wakati pistoni inapoanza kushuka. Kutangulia huko ndiko mafundi wetu wanakokuita taimingi, na kipimo chake ni digrii za mzunguko wa shafti. Cheche ikichelewa, gari huwa zito na bomba la moshi huchemka. Ikitangulia kupita kiasi, injini inagonga.

Msomaji aliyepata kupanda Peugeot 504 iliyosheheni abiria, ikiukwea mlima wa Kitonga katika gia isiyofaa, anaijua sauti ninayoisema: mlio mkavu, kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la bati. Katika gari la abiria mlio huo ni onyo tu, na dereva mwenye busara hupunguza mafuta akabadili gia. Lakini kuna magari ambayo kwayo mlio huo ukitokea mara moja tu, hata kabla sikio halijaupokea, injini imekwisha kufa. Hayo ndiyo niliyokusudia kuyaandikia kurasa hizi.

Magari yenyewe aghalabu ni Mazda kuukuu, za miaka ya 1970 na kuendelea, na makao yao makuu ni Puerto Rico, Australia na New Zealand. Ndani yake hamna pistoni hata moja. Mna injini ya rotari, ya ujazo wa lita 1.3 tu, imefungwa tabo kubwa kama sufuria ya pilau ya arusi, na tangi limejazwa ethanoli, yaani spiriti ya nafaka au ya miwa. Magari mawili husimama sambamba, taa ikawaka, yakatimka mstari ulionyooka wa robo maili, yaani mita 402, na aliye hodari huumaliza katika muda usiofika sekunde 7. Wenyewe huziita mbio za dragi. Zilizaliwa California, ambako mwaka 1950 watu walianza kutoza kiingilio penye uwanja mdogo wa ndege wa Santa Ana, na mwaka uliofuata Wally Parks akaanzisha chama cha kuzisimamia, NHRA. Mtu anaweza kuuliza faida yake ni nini. Mimi sina jibu la kumridhisha. Nilichokiona ni kwamba ndani ya gari moja la namna hiyo yamekutana mambo ambayo karne nzima ya uhandisi iligombana nayo, na mojawapo liliwagusa hata watoto waliozaliwa kando ya barabara zetu.

Zamani taimingi ilikuwa mikononi mwa dereva. Ford Model T, iliyotengenezwa tangu 1908 hadi 1927, ilikuwa na vijiti viwili chini ya usukani: cha kulia cha mafuta, cha kushoto cha cheche. Kabla ya kuzungusha hendeli mtu alipaswa kuichelewesha cheche kwanza. Aliyesahau, injini ilirudi nyuma kwa nguvu, na hendeli ikaweza kumvunja mkono. Gari likishika mwendo, dereva alikisukuma kijiti kidogo kidogo akisikiliza. Baadaye kazi hiyo ilikabidhiwa distribyuta, yenye vyuma vidogo vinavyotanuka kadiri mwendo unavyoongezeka, na kikombe kinachovutwa na hewa ya manifoldi. Hata hivyo sikio halikustaafu. Mafundi wa ujana wangu walilegeza nati ya distribyuta, wakaishika kwa kiganja na kuizungusha taratibu huku injini inanguruma, mpaka wapate pale panapopendeza. Mzee mmoja pale Iringa aliweka mpini wa bisibisi ndefu sikioni na ncha yake kwenye bloku, akafumba macho kama mtu anayesikiliza habari za mbali.

Kugonga ni nini, basi? Moto unapotambaa, mchanganyiko ambao bado haujafikiwa hubanwa na kupashwa joto na ule uliokwisha kuwaka. Ukibanwa mno huwaka wenyewe, wote kwa mkupuo, na wimbi la mshindo likaipiga chuma. Wahandisi walichelewa kulielewa hilo. Charles Kettering, aliyeipa Cadillac mfumo wa cheche za betri mwaka 1910 na stata ya umeme mwaka 1912, aliwasikia wapinzani wake wakidai kwamba mfumo wake ndio unaogongesha injini. Huko Uingereza Harry Ricardo alipima mafuta ya aina mbalimbali, akaonyesha kwamba asili ya mafuta yenyewe ndiyo yenye neno la mwisho: mengine huvumilia kubanwa, mengine hayavumilii. Mafuta ya mbio yaliyobeba jina lake, Discol, yalikuwa na alkoholi.

Hapa ndipo kisa kinapoingia uchungu. Vijana wa Kettering huko Dayton, Ohio, wakiongozwa na Thomas Midgley, walijaribu vitu chungu nzima kutafuta dawa ya kugonga. Alkoholi waliijua vizuri. Mwaka 1921 Midgley aliendesha gari lenye mgandamizo mkubwa kwenda kwenye mkutano wa wahandisi huko Indianapolis, likitumia petroli iliyochanganywa na alkoholi asilimia 30, wala halikugonga. Henry Ford naye mwaka 1925 alimwambia mwandishi wa gazeti kwamba alkoholi ndiyo mafuta ya siku zijazo. Ethanoli, msomaji wangu, ni ndugu wa damu wa gongo, au chang'aa kama wasemavyo Wakenya. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba gongo ndiyo dawa ya kugonga, asikuchekeshe tu, anasema kweli.

Lakini tarehe 9 Desemba 1921 maabara ya Midgley ilijaribu kiowevu kingine, risasi ya tetraethili, na tone lake dogo tu likaunyamazisha mlio. Risasi ilihitajika kidogo sana kwa galoni, na juu ya yote iliweza kusajiliwa kwa hataza, ilhali alkoholi mkulima yeyote angeweza kuitengeneza kwa pipa na mtambo wa kukenekea. Februari 1923 petroli yenye risasi ilianza kuuzwa Dayton. Oktoba 1924, katika kiwanda cha Standard Oil huko Bayway, New Jersey, wafanyakazi walioshughulika na kiowevu hicho walipagawa, wakaona viumbe wasiokuwepo, na watano wakafa. Mauzo yakasimamishwa mwaka 1925, kamati ikakaa, na mwaka uliofuata biashara ikarejea. Vitabu vingi huiandika habari hii kana kwamba hapakuwa na njia nyingine. Mimi siafiki. Njia ilikuwepo, imejaribiwa, na aliyeipita ndiye aliyekuwa ameijaribu.

Ilichukua miaka mingi kuurekebisha uamuzi ule. Mwaka 1965 mwanakemia Clair Patterson aliandika kwamba risasi iliyomo miilini mwa watu wa zama hizi imepita mbali kiwango cha asili. Marekani iliifuta kabisa kwa magari ya barabarani mwaka 1996. Nchi zetu za kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 na kuacha kuiuza kufikia Januari 2006. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021. Katika miongo hiyo yote, kila basi dogo la petroli lililosimama kituoni likinguruma lilimwaga risasi kidogo juu ya mihogo ya kuchoma na juu ya watoto waliokuwa wakiiuza. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, wala haurudi kuwa kama ulivyokuwa. Hayo ndiyo malipo ya digrii chache za taimingi.

Alkoholi haikutoweka. Brazil, iliyobanwa na bei ya mafuta, ilianzisha mpango wake wa Proálcool Novemba 1975. Mwaka 1979 ikatoka Fiat 147 inayokunywa ethanoli tupu, na katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya asilimia 90 ya magari mapya ya huko yalikuwa ya namna hiyo, mpaka uhaba wa mwaka 1989 ulipowatia watu hofu. Karibu na kwetu, Malawi ilianza kuchanganya mwaka 1982, na Kenya nayo katika miaka hiyohiyo ya 1980 ilitia kwenye petroli yake spiriti iliyotoka kwenye molasi za Muhoroni. Magari ya Indianapolis, baada ya ajali ya moto ya mwaka 1964 iliyowaua Eddie Sachs na Dave MacDonald, yalihamia methanoli, na mwaka 2007 yakahamia ethanoli. Huko Marekani pampu za E85, zenye mahindi ndani yake, zikaenea hasa majimbo ya kati. Swali la kama ni halali kulisha gari kwa shamba ambalo lingemlisha mtu ni zito, na sitalimaliza hapa. Ila vijana wenye magari ya tabo waligundua kwamba pampu ile ya mkulima inauza mafuta ya mbio kwa bei ya barabarani.

Sasa tuiendee rotari. Felix Wankel, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1902, mtu asiye na shahada, aliyepata pia kuwa mwanachama wa chama cha Nazi (jambo ambalo wapenzi wa injini yake hulipita haraka), aliota mashine isiyo na kitu cha kupanda na kushuka. Injini yake ya kwanza ilinguruma katika kiwanda cha NSU tarehe 1 Februari 1957. Ndani ya sanduku lenye umbo la namba nane iliyonenepa huzunguka kipande cha chuma chenye pembe tatu, na kila ubavu wake hufanya zamu ya kuvuta hewa, kuibana, kuichoma na kuitoa. Shafti huzunguka mara 3 kila rota izungukapo mara 1. Hakuna valvu, hakuna kamshafti. Kwa mtazamo wa kwanza ni mashine ya mtu mvivu aliyebarikiwa akili.

Taabu ilikuwa kwenye zile pembe tatu. Kila pembe hubeba sili, ufito mwembamba unaoteleza juu ya ukuta na kuuzuia moto usivuke kwenda chumba cha jirani. NSU iliuza gari lake la Ro 80 tangu 1967, likatunukiwa kuwa gari la mwaka 1968, kisha sili zikaanza kufa. Husimuliwa kwamba wenye Ro 80 walipopishana barabarani waliinuliana vidole kuonyesha kila mmoja amekwisha kubadilishiwa injini ngapi. Mwaka 1969 NSU iliunganishwa na Audi chini ya Volkswagen, na jina lake likafifia.

Aliyeiokoa rotari ni kiwanda cha Hiroshima, Toyo Kogyo, tunachokijua kwa jina la Mazda, ambacho katika kuunda magari kilianza na vipikipiki vya mizigo vya magurudumu matatu, binamu za bajaji zetu. Kilinunua leseni mwaka 1961. Kenichi Yamamoto alipewa kikosi cha wahandisi 47, na mtihani wao wa kwanza ulikuwa mikwaruzo iliyojichora ukutani mwa injini kama mawimbi, wakaiita kucha za shetani. Sili zilikuwa zinatetema. Walijaribu vifaa vya kila namna mpaka wakapata sili ya kaboni iliyoshibishwa aluminiamu, na Mei 1967 Cosmo Sport ikauzwa. Mwaka 1982 Mazda ikaifunga tabo, na tarehe 23 Juni 1991 gari namba 55, Mazda 787B la rota nne na plagi tatu kwa kila rota, likashinda mbio za saa 24 za Le Mans likiendeshwa na Johnny Herbert, Volker Weidler na Bertrand Gachot. Picha hiyo ingalipo ukutani katika gereji nyingi za dunia, pengine kando ya kalenda.

Taimingi ya injini hii ina tabia zake. Chumba cha moto hakikuumbwa kama kikombe. Ni kirefu na chembamba kama ngalawa, na tena kinasogea huku moto unawaka ndani yake. Cheche moja haitoshi kuufikisha moto pande zote, na kwa hiyo kila rota ya magari ya kawaida ya Mazda ina plagi mbili: inayotangulia na inayofuata. Katika RX-7 za mwanzo, injini ikiwa imetulia, ya kwanza iliwaka penye kilele hasa na ya pili digrii 20 baadaye. Kila hatua ya kazi huchukua digrii 270 za shafti badala ya 180 za pistoni, hivyo mambo hukomaa polepole zaidi kwa hesabu ya digrii, na rotari haidai kuwashwa mapema kama wenzake. Kijana aliyetoka kwenye pistoni huona ajabu: anaongeza digrii mbili akitarajia farasi wengi, anapata wachache, na hatari imekua.

Hatari yenyewe ni ile sili. Pistoni ikigongwa mara kadhaa huweza kuvumilia. Sili ni ufito tu. Ikipigwa na wimbi la mshindo hukatika, kipande chake kikatoka kwa njia ya moshi na kuipiga panka ya tabo inayozunguka kwa kasi ya ajabu. Injini na tabo huenda pamoja. Na muda wa kuzuia haupo. Kwa mizunguko 8,000 kwa dakika shafti hupita digrii 48,000 katika sekunde moja, maana yake digrii moja ni sehemu moja ya 48,000 ya sekunde. Hakuna mguu wa dereva unaoondoka haraka namna hiyo.

Hapo ndipo ethanoli ilipopokewa kama mgeni aliyesubiriwa. Petroli inahitaji hewa kilo 14.7 kwa kilo 1 ya mafuta. Ethanoli inahitaji 9 tu, kwa hiyo gari hunywa karibu mara moja na nusu kwa ujazo. Ni hasara kwa mfuko, lakini ni rehema kwa injini, kwa sababu ethanoli ikigeuka mvuke huchukua joto jingi. Ukijumlisha wingi wake na kiu yake ya joto, kila kilo ya hewa hupozwa karibu mara nne kuliko ingepozwa na petroli. Hewa iliyotoka kwenye tabo ikiungua hupoa njiani kabla ya kubanwa. Fundi mzoefu hatumii nafasi hiyo kutanguliza cheche ovyo. Kwanza huongeza mgandamizo wa tabo, maana kwenye rotari nguvu inakaa huko; digrii huziongeza mwisho, moja moja, mahali pale tu ambapo kipimo kinaonyesha faida.

Siku hizi haizungushi tena distribyuta. Tangu miaka ya 1980, kampuni ndogo za Australia kama Haltech na MoTeC zimekuwa zikiuza kompyuta ambazo mtu huandika ndani yake jedwali: mizunguko kwa upande huu, mgandamizo kwa upande ule, na katika kila kijisanduku digrii zake. Fundi huvaa vifaa vya masikioni vilivyounganishwa na kinasa sauti kilichokazwa kwenye bloku. Yule mzee wa bisibisi angeielewa kazi hiyo bila kuelezwa. Husikiliza gari likiwa limefungwa kwenye rola za kupimia nguvu, na akisikia chochote kisichofanana na mngurumo, huondoa digrii kabla ya kuuliza maswali. Wengi huzisogeza karibu plagi ile inayotangulia na ile inayofuata kadiri nguvu zinavyopanda, wengine huziacha mbali kwa usalama, na ubishi wao juu ya jambo hilo hauna mwisho.

Hawaiamini hata pampu. E85 si lazima iwe na ethanoli asilimia 85. Kwa sheria ya Marekani inaweza kuteremka hadi 51, hasa majira ya baridi. Kwa hiyo hutia mafuta kidogo kwenye mrija wa kioo, wakaongeza maji, wakatikisa. Ethanoli hukimbilia maji, petroli hubaki juu, na mstari kati yao unasema ukweli wa pipa. Jedwali lililoandikwa kwa pipa moja linaweza kuua injini kwa pipa la pili. Tena mafuta ya madini hayachanganyiki vizuri na spiriti, na rotari inahitaji tone la kulainisha sili zake; ndiyo maana baadhi yao hurudia dawa ya mababu wa mbio, mafuta ya nyonyo, mti ule unaoota wenyewe nyuma ya nyumba zetu, ambao mafuta yake hukubaliana na alkoholi.

Baada ya kila mbio, kabla joto halijatoka, plagi hufunguliwa na kuangaliwa kwa kioo cha kukuzia. Vidoa vidogo vya kung'aa kwenye kauri nyeupe ni dalili ya mgongo ambao hakuna aliyeusikia. Wakivikuta, gari halirudi uwanjani siku hiyo. Wasipovikuta, jioni tangi hukamuliwa mpaka tone la mwisho, mabomba yakasafishwa kwa petroli ya kawaida, kwa sababu ethanoli hunyonya maji kutoka hewani, na ikiachwa wiki mbili ndani ya pampu ya aluminiamu hukutwa imeanza kuila.